Hukumuua Sajenti

Editha mwanangu,

Sitakuuliza hali, kwa sababu nimekuona muda si mrefu ukitoka na khanga yangu mabegani kwenda kumuaga babu yako, na ulikuwa mzima. Wala sitaandika habari za sabuni, ndoo, sare na funguo za sanduku la bweni. Hizo shangazi yako amezisema tangu Jumapili, na amezisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nimekaa jikoni alasiri hii, nimefunga mlango kama mtu anayeiba, ili nikuandikie jambo moja ambalo nimeshindwa kulitamka mbele yako kwa miaka mitatu.

Nitaliandika hapa juu, mapema, nisije nikazungukazunguka kama kawaida yangu mpaka karatasi ikaisha. Hukumuua Sajenti. Hakufa kwa sababu ulichelewa. Hakufa kabisa. Yule mbwa tuliyemsubiri hakuwepo Ulaya wala mahali pengine popote. Alikuwa picha ya mbwa wa mtu mwingine, na waliokuwa wakiniandikia walikuwa matapeli. Nimelijua hilo tangu ulipokuwa darasa la tano, nikakuacha uendelee kuamini kwamba ni wewe.

Sasa limeshaandikwa. Mengine nitayaeleza polepole, kwa sababu nataka ujue si tu kwamba nilidanganywa, bali nilivyodanganywa, na baadaye nilivyokudanganya wewe. Haya ni mambo mawili, na la pili ndilo baya zaidi.

Unakumbuka ile Jumapili tuliporudi kutoka misa tukakuta mlango wa nyuma umevunjwa. Walichukua paneli ya sola, redio, sufuria mbili, na lile koti la baba yako nililokuwa nimelitundika nyuma ya mlango tangu alipotutoka. Nyumba hii ya mwalimu unaijua ilivyo: imejitenga na majengo ya shule, na nyuma yake ni mahindi ya watu mpaka macho yanapoishia. Tangu siku hiyo ukawa huendi chooni peke yako, hata mchana. Ulikuwa unanishika sketi. Nami nilikuwa naogopa kuliko wewe, ila mtu mzima haruhusiwi kushika sketi ya mtu.

Babu yako alipopata habari alikuja siku hiyohiyo na fimbo yake, akaukagua mlango kama anayekagua zizi.

"Mwalimu," akaniambia, "chukueni mbwa. Yule jike wangu amezaa sita. Mjukuu wangu keshachagua."

Ulikuwa umeshachagua kweli. Yule wa kahawia, mwenye sikio moja lililolala. Ulikuwa umembeba kutwa nzima siku uliyokwenda kwa babu kuchukua maziwa, ukarudi unanuka mbwa na umejikuna mpaka shingo imekuwa nyekundu.

Nikasema, "Baba, mbwa hawa wa viroboto hata kubweka hawajui."

Akacheka, akajibu kwa ile sauti yake ya Shinyanga ambayo miaka thelathini ya kuishi hapa Nyantakara haijaibadilisha, "Viloboto vinaoshwa, mwalimu. Mwizi haoshwi."

Lakini ndani yangu nilikuwa nimeshakataa, na nataka ujue sababu, kwa kuwa ndipo kosa langu lilipoanzia, kabla ya tapeli yeyote kuniandikia. Nilikataa kwa sababu yule mbwa alikuwa karibu mno. Alikuwa wa kuombwa kwa mkwe, wa kubebwa mkononi kupita njia ya mashambani, wa kula makoko ya ugali. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilitoka Kanazi nikaenda mpaka chuo kikuu, nikarudi kufundisha Kiingereza kwenye shule ambayo wanafunzi wanakuja wakiwa wametembea saa mbili, na mwaka hadi mwaka nilikuwa nangoja kitu kizuri kinijie kutoka mbali, kitu kitakachonithibitishia kwamba kusoma kule hakukupotea. Ni aibu kuyaandika haya. Lakini mtu aliye na njaa ya namna hiyo, tapeli hana kazi kubwa naye.

Nilimkuta kwenye simu, katika kundi moja la wapenda mbwa. Mbwa wa Kijerumani, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa, amekaa juu ya zulia. Mwenye mbwa alijiita Bi. Helena. Alisema ni mjane wa huko Ulaya, mumewe ndiye aliyekuwa akiwafuga, na yeye sasa hawezi tena. Nilimuuliza bei. Akajibu kwamba hauzi. Anatafuta tu nyumba yenye upendo. Gharama yangu itakuwa ya kumsafirisha.

Hapo ndipo aliponipata. Wewe umekulia huku Biharamulo na huenda bibi yako hakuwahi kukueleza, lakini kwetu Kanazi mtoto wa mbwa hauzwi. Unakwenda kumwomba. Unachukua kuku kwapani, au jembe, unakaa, unaongea mambo mengine kwanza, unamwona mama yake amelala na wanawe, kisha mwenye nyumba anakushikisha mmoja. Mbwa aliyelipiwa fedha hakai, wanasema, hurudi alikotoka. Basi mama wa Ulaya aliposema hauzi, badala ya kushtuka nikaona amelelewa vizuri. Nikamwona kama mtu wa kwetu. Sikujiuliza ni nani anayempa mtu asiyemjua, aliye bara jingine, mnyama wa thamani hivyo. Na lile jambo la kumwona mama yake nikaliruka.

Tuliandikiana wiki tatu, kwa Kiingereza. Nimesoma lugha ile miaka yote, nikaifundisha, na kumbe hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniandikia barua kwa lugha hiyo. Yeye aliandika kila siku. Aliniuliza habari za baba yako, alivyougua na alivyofariki. Nilimweleza mambo ambayo sikumweleza shangazi yako wala padre. Aliniambia ananiombea. Nilikuwa napika huku natazama simu. Ugali uliungua mara mbili, wewe ukala hivyohivyo.

Siku moja nilimwomba anipigie simu ya video nimwone mbwa akitembea. Akasema kamera ya simu yake imeharibika, akaleta picha nyingine. Nikamwandikia, "Pole." Unaona mama yako. Mtu ana simu inayopiga picha lakini kamera yake imeharibika, nami nampa pole.

Ulipomwona kwenye picha ukampa jina Sajenti, kwa sababu ya masikio yaliyosimama kama askari gwarideni. Ukaanza kusuka ukosi wa katani wa kumvisha shingoni.

Kisha zikaanza karatasi. Na hapa, Editha, nataka uelewe kitu ambacho watu wa mjini wangenicheka nacho. Hapa kwetu hata mbuzi mmoja hasafiri bila karatasi. Nimekua nikimwona baba yangu akitoka Kanazi na mbuzi wanne wa kuuza: kwanza mtendaji wa kijiji amwandikie, kisha bwana mifugo apige muhuri, kisha njiani kizuizi, na kizuizini wanagundua chanjo fulani haimo, anarudi, analipa, anaendelea. Kila karatasi na malipo yake. Baba akilalamika, mama alikuwa akimwambia, "Hao wako wangekuwa wa wizi wangepita bila karatasi." Nilikulia ndani ya maneno hayo. Kwa hiyo Bi. Helena aliponipeleka kwa "wakala wa kusafirisha wanyama," na wakala akadai malipo ya kreti, nikalipa. Akadai ya chanjo, nikalipa. Akadai ya bima, itakayorudishwa mbwa akifika. Kila alipodai aliambatanisha cheti chenye muhuri, na kila nilipouona muhuri niliamini zaidi. Mtu mwingine angesema, mbona malipo hayaishi? Mimi nilisema, naam, ndivyo mnyama anavyosafiri. Kila moja lilikuwa la mwisho. Zilikuwa fedha za mabati ya ile nyumba yetu ya kiwanjani, ndiyo maana mpaka leo tunaishi katika nyumba ya shule na kuta zile zinaota majani.

Babu yako aliuliza mara moja tu. Tulikuwa kwake, unakumbuka, anakamua.

"Huyo mbwa wa wazungu," akasema bila kugeuka, "mama yake umemwona?"

"Baba, yuko Ulaya."

"Nimesikia. Nauliza mama yake umemwona?"

"Wana vyeti vya wazazi wote wawili."

"Mimi mnadani sinunui ndama mpaka mama yake asimame nimwone, na mwenye ng'ombe awe na jirani wa kumsemea. Huyo wako anasemewa na nani?"

Nikacheka. Nilisema, "Dunia imebadilika, baba." Akaendelea kukamua. Wewe ulikuwa umemshika ndama kamba, ukanitazama, na nadhani ulikuwa unangoja jibu lenyewe.

Sasa nafika siku ya Lusahunga. Nimeiandika siku hii kichwani mara nyingi, na kila mara nilijipunguzia kidogo. Leo sitajipunguzia.

Nililetewa ujumbe kwamba Sajenti amefika uwanja wa ndege nchi jirani, yuko karantini, na malipo ya karantini yasipoingia siku hiyohiyo hatapewa chakula. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani, na wakala wa kutuma fedha wa hapa kijijini salio lake lilikuwa halitoshi. Nikakupa fedha na kikaratasi chenye namba, nikakupandisha kwenye bodaboda ya jirani yetu, uende Lusahunga, kwa wakala wa kule barabara kuu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Yaliyotokea kwenye dirisha la wakala ulinisimulia jioni ile, na nayakumbuka neno kwa neno ingawa nilijifanya sisikii. Wakala aliingiza namba, likatokea jina. Akakuuliza, "Mtoto, mama yako anamjua huyu mwanamume?"

"Ni wa mbwa," ukamjibu.

"Mbwa gani?"

"Anatoka Ulaya."

Kulikuwa na madereva wa malori wamesimama nyuma yako. Mmoja akasema, "Mbwa wa Ulaya ana laini ya hapahapa? Huyo keshakuwa mwenyeji." Wakacheka wote. Wakala hakucheka. Akakuambia, "Hela hii ni nyingi na jina silielewi. Ngoja kwanza tumuulize mama." Akanipigia mara tatu kwa simu yake mwenyewe. Simu yangu ilikuwa imefungiwa kabatini kwa ajili ya mitihani. Ukasubiri kwenye ngazi ya duka mpaka jua likaegemea, kisha ukafanya uamuzi wako. Ukarudi na fedha zote, umezifunga kwenye pindo la gauni.

Katika mambo yote yaliyofanyika kuhusu mbwa yule, hilo ndilo peke yake lililofanyika kwa akili. Jina halikulingana na maneno, ukasimama. Ulichekwa na watu wazima, ukasimama hivyohivyo. Hukutumia fedha za mtu mwingine bila kumuuliza. Mimi nilipaswa kukukumbatia.

Badala yake nilikuambia, "Nilikutuma kutuma, sikukutuma kufikiri."

Mimi, mwalimu.

Asubuhi yake nilikwenda Lusahunga mwenyewe kabla ya vipindi. Yule wakala alinitambua kwa namba. "Madamu, mtoto alikueleza?"

"Amenieleza. Tuma."

Alinitazama kidogo, akatuma.

Siku mbili baadaye ulikuja ujumbe kwamba kwa kuwa malipo yalichelewa siku moja, mbwa aliwekwa chumba cha baridi bila chakula, akaugua, akafa. Laiti ungelipa siku ile, waliandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, wewe ukiosha vyombo uani. Sikungoja hata nimalize kusoma. Nikasema, "Umeona? Ungetuma siku ile asingekufa."

Hukulia. Uliendelea kusugua sufuria ileile, kisha ukauliza, "Alikufa peke yake?"

Nikakujibu kwamba sijui.

Wiki ile wakaniandikia tena kwamba sheria inataka mwili uchomwe, na mwenye mbwa alipie. Nililipa hata hiyo, Editha. Nililipia mazishi ya mbwa ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na wewe siku hiyo ulichimba nyuma ya jiko ukafukia ule ukosi wa katani, ukapanga mawe juu. Nilikuona kupitia dirisha. Nilidhani huzuni yetu ni moja.

Babu yako alipokuja kutoa pole aliuliza amefia wapi. Nikamwambia karantini, uwanja wa ndege.

"Nani alimwona?"

"Baba, wameleta cheti."

"Aa," akasema. "Cheti." Akanywa maji yake, akaaga. Hajawahi kulitaja tena mpaka leo, na ukimya wake ule nimeuchukia kwa sababu ulikuwa wa huruma.

Niliujua ukweli wiki tatu baadaye, katika chumba cha walimu. Mwalimu Respicius, yule wa kompyuta, aliomba nimwonyeshe picha ya marehemu, kwa utani tu. Akaichukua kwenye mashine yake, akaitafuta kwenye mtandao. Ikatokea picha ileile, zulia lilelile, mara nyingi mpaka ukurasa ukajaa. Huku anaitwa Max, kule Bruno, kwingine ni jike. Picha nyingine ilikuwa na miaka mingi kuliko wewe.

"Madamu," akasema anacheka, "huyu mbwa amezaliwa mara ngapi?"

Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. Nilimwomba asimwambie mtu. Hakumwambia mtu. Sikwenda polisi. Nilijiona nimesimama mbele ya meza ya askari ambaye mwanawe namfundisha, nikieleza kwamba nimetapeliwa mbwa kwa Kiingereza. Nikamfuta Bi. Helena kwenye simu, na nitakuambia ukweli wa aibu kuliko wote kuhusu yeye: nilimkumbuka. Kwa siku kadhaa nilichukua simu jioni kusoma kama ameandika.

Nilipanga kukuambia Ijumaa ile. Ijumaa ukarudi na homa. Nikapanga Jumapili, wakaja wageni. Ninakuandikia visingizio hivi ili uone vilivyo vidogo. Halafu ikafika Jumamosi ya kitubio chako cha kwanza, mlipokuwa mkijiandaa kwa Komunyo. Tulikuwa tunarudi kwa miguu, umevaa viatu vyeupe vya kuazima, ukaniambia bila kuulizwa,

"Mama, nimemwambia padre habari za Sajenti."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nilimuua."

"Akasemaje?"

"Kasema nisali Salamu Maria tatu. Nimesali kumi."

Tulikuwa wawili tu njiani. Hakuna mtu mbele, hakuna nyuma. Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni, na niliona wazi kabisa litakavyokuwa: utasimama, utaniuliza, "Ulijua lini?" na nitalazimika kujibu. Basi nikarekebisha kola ya gauni lako nikasema, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Nimewahi kusikia watu wakisema mzazi huficha jambo ili kumlinda mtoto. Mimi sikukulinda wewe hata dakika moja. Nilikuwa na cheo kimoja tu katika nyumba ile, cha mtu anayejua, na nilikiweka juu ya mgongo wako ili kisianguke.

Nilifikiri utasahau. Watoto husahau, nilijiambia. Hukusahau, ulibadilika, nami nikauita mabadiliko hayo adabu. Ulikuwa mtoto wa "ngoja kwanza." Ukiwa na miaka mitano ulimzuia baba yako kuondoka na baiskeli kwa sababu tairi "linaongea," na kweli lilikuwa na msumari. Baada ya Sajenti sikukusikia ukilisema tena neno hilo. Ukitumwa unakwenda. Ukipewa unapokea. Walimu wenzangu walinisifu: mtoto wako mtiifu. Nikapokea sifa.

Mwaka jana mwezi wa nne ukapata malaria, nikakupeleka zahanati, nikakuacha kwenye foleni ya dawa nikawahi kipindi. Nilipokuja jioni nikakuta bahasha ya dawa juu ya meza imeandikwa jina la mwanamke mwingine, mtu mzima, na ulikuwa umekwisha kumeza mara moja. Nikakuuliza kama hukuona jina. Ukasema uliliona.

"Sasa mbona hukusema?"

"Watu walikuwa wengi. Sikutaka kuchelewesha."

Nilikimbia nawe zahanati nikiwa na kandambili mguuni, na Mungu ni mwema zilikuwa dawa za maumivu tu. Nesi aliomba radhi, na alikuwa na haki ya kuchoka siku ile. Lakini mimi nilikaa kwenye benchi lile nikijua kwamba jina lisilolingana uliwahi kuliona mara ya kwanza ukiwa na miaka kumi na mmoja, ukasimama, na kwamba ni mimi niliyekufundisha kutosimama.

Kesho unakwenda shule ya bweni, mahali ambako simjui mtu. Utalala chumba kimoja na wasichana kumi na tisa. Miaka si mingi utakuwa na simu yako, na watakuandikia watu wazuri, wenye maneno laini kuliko yangu. Atakuja mwenye zawadi inayohitaji tu nauli. Atakuja mwenye mapenzi yanayohitaji jibu leo. Atakuja mkubwa, pengine mwenye cheo, pengine mwenye rozari mkononi, akuambie kwamba ukichelewa kuna mtu ataumia. Mimi siwezi kukufundisha kuwatambua. Mimi niliye na shahada sikuwatambua. Wewe ulitambua. Ulikuwa umesimama dirishani Lusahunga ukiwa na viatu vya plastiki, nyuma yako wanaume wanacheka, na ukajua. Ninachokuomba ni kwamba ulichukue lile jambo tena, kwa sababu lilikuwa lako, na mimi ndiye niliyekunyang'anya.

Na anayekuharakisha anaweza kuwa mtu anayekupenda. Mimi nilikupenda siku ile pia. Kama nitakupigia simu siku moja nikuambie fanya hivi sasa hivi bila kuuliza, niulize.

Sikuombi unisamehe kwa kuwa unaondoka. Najua barua za namna hii huwekwa chini ya nguo, ili mtoto azikute akiwa mbali na mama asiwepo kuonekana. Nilianza kuandika nikiwa na nia hiyo. Nilikuwa nimeshaamua iwe ndani ya ile sweta ya kijivu. Nimegundua katikati ya ukurasa wa pili kwamba ingekuwa ni kukukimbia kwa mara nyingine, kama kwenye ile njia ya kanisani.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwa babu, na nitakaa hapahapa ukisoma. Utaniuliza nilijua lini, nami nitakujibu kwa mdomo wangu. Kama utataka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Kama utataka kulala kwa shangazi yako usiku wa leo, nitakusindikiza. Basi linapita Lusahunga asubuhi, nimeshakata tiketi, lakini tiketi ni karatasi tu. Kama saa ya kutoka itafika ukiwa bado una la kuniuliza, tutaliacha lipite, na nitaupigia uongozi wa shule niwaambie kwamba kuchelewa ni kwangu.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka huko njiani. Nadhani ni wewe. Nafungua mlango.

Mama yako